Kasi ya Jiwe la Inchi Tisa

Nimefundisha hisabati kwa miaka kumi na tisa katika shule ya upili isiyo mbali na stesheni ya Voi, na katika miaka hiyo yote hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza mzingo wa kitu chochote. Wanaoulizwa ni wanafunzi, tena na mimi, tena kwa lazima. Kila mwaka namfunga mbuzi wa kubuni kwenye kigingi cha kubuni kwa kamba ya mita saba, kisha nawataka watoto wa wafugaji wa Ndara wanieleze atakula majani ya eneo gani. Watoto hao wanajua mbuzi. Wanajua kwamba mbuzi wa kweli atakula kamba kwanza, halafu ataingia shamba la jirani alete kesi. Lakini wana adabu. Wananiandikia jibu ninalolitaka, nami nawapa alama, tunaachana salama.

Kwa hiyo siku hesabu ya duara iliponifuata nyumbani ikaketi mezani, katikati ya sahani za wali, sikuitambua mara moja.

Mume wangu ni fundi wa sakafu. Ukimwita fundi wa nyumba atakusahihisha, maana nyumba ni kazi ya kila mtu, sakafu ni ya wachache. Yeye hufanya terazo. Zege humwagwa pamoja na vipande vidogo vya mawe ya rangi, likishakauka husagwa kwa maji mpaka mawe yale yachomoze na sakafu ing'ae. Katikati ya chumba husagwa kwa mashine kubwa ya kusukuma. Pembeni, kwenye vidato vya ngazi na kila mahali ambapo mashine kubwa haifiki, fundi hupiga magoti na grainda ya mkono. Nikipiga hesabu ya masaa, mume wangu amepiga magoti zaidi katika maisha yake kuliko mchungaji wetu, na mchungaji wetu ni mtu wa maombi.

Grainda yake ni ndogo, ya inchi nne na nusu. Siku aliyoinunua, kabla hata hajaichomeka kwenye umeme, aliifungua gadi, yaani kile kibati kinachofunika nusu ya jiwe ili likipasuka lisimrukie mtu usoni. Mafundi wote hufanya hivyo. Kutoka Miasenyi mpaka Taveta sijaona grainda iliyovaa gadi yake. Ukiwauliza watakuambia gadi inaficha kazi, na wanakuambia hivyo kwa sauti ya mtu anayekuonea huruma. Gadi ya mume wangu iko jikoni, tunawekea sabuni ya kuoshea vyombo. Kwa kulinda macho alikuwa na miwani ya jua aliyovaa siku ya harusi yetu, ambayo ilikuwa na kioo kimoja kizuri.

Yote hayo nilikuwa nayajua na sikuwa nimesema kitu. Nakiri. Mwalimu wa hisabati anaweza kuishi na hatari nyumbani kwake miaka mingi, mradi haijaandikwa kwa tarakimu.

Sasa, kanisa letu lilikuwa linajenga ukumbi kwenye barabara ya kwenda Mwatate. Ukumbi ulikuwa na kamati ya ujenzi ya watu kumi na mmoja, na kati yao hakuna aliyewahi kujenga hata banda la kuku. Mwenyekiti alikuwa karani mstaafu wa shamba la mkonge, mzee safi, mpole, aliyeamini kwamba jambo likishaandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano limekwisha kufanyika. Kulikuwa pia na kamati ndogo ya usalama, ambayo kazi yake ilikuwa kuhakikisha viti vya plastiki haviibwi.

Kamati hiyo ilimpa mume wangu kazi ya sakafu, na hapo lazima nieleze jambo moja, bila hilo mtu hawezi kuelewa ujinga wote uliofuata. Baba mkwe wangu alitoka magharibi ya Kenya kuja kufanya kazi ya reli. Mume wangu alizaliwa hapa Voi, kitovu chake kimezikwa hapa, anasema Kidawida, lugha yetu, kunishinda mimi mwenyewe Mtaita niliyeharibiwa na shule. Lakini mpaka leo wazee wetu wakimtambulisha husema, "Huyu ni mgeni wetu." Mgeni wa miaka arobaini na minne! Katika miaka hiyo yote hii ilikuwa mara ya kwanza kwa wenyeji kumpa kazi kubwa bila kwanza kuuliza kama hakuna kijana wa nyumbani anayeweza kuifanya. Alipopewa alirudi nyumbani akavua viatu mlangoni, kitu ambacho huwa hafanyi, akakaa kimya kama mtu aliyetoka kubatizwa.

Mambo yalikuwa yakienda vizuri mpaka tukapata mfadhili. Alikuwa kijana wetu wa Mombasa. Namwita kijana kwa sababu kila mtu alimwita hivyo, ingawa nusu ya ndevu zake ilikuwa nyeupe na nusu iliyobaki alikuwa ameipaka rangi. Ana maduka ya vifaa vya ujenzi huko pwani, na alikuwa ameanza kutupenda ghafla, kama watu wanavyotupenda kila uchaguzi ukinusa karibu. Mkono mtupu haulambwi, na yeye alilijua hilo. Jumapili moja alikuja ibadani na kartoni ya mawe ya grainda ya kusagia zege, makubwa, ya inchi tisa, na juu ya kartoni alikuwa amebandika picha yake akitabasamu. Kartoni ilibebwa na wazee wawili mpaka madhabahuni. Akina mama walipiga vigelegele. Mchungaji aliweka mkono juu ya kartoni, nusu ya kiganja juu ya ile picha, akayaombea mawe yafanye kazi ya Bwana.

Kwetu hapo mambo yamekwisha. Zawadi iliyofikishwa madhabahuni ikaombewa hairudishwi wala haikosolewi, na mwenye kuitoa ni lazima aione ikitumika. Aliyeleta kuku atamwona kuku mezani. Aliyeleta pazia, pazia litatundikwa, hata kama dirisha halipo. Mwenyekiti alisimama papo hapo akatangaza kwamba Jumamosi inayofuata kijana wetu atarudi kushuhudia jiwe lake likisaga kipande cha kwanza cha jukwaa, na atapiga video.

Hakuna aliyekumbuka kwamba grainda ya fundi ilikuwa ya inchi nne na nusu. Ama tuseme mmoja alikumbuka, naye alikuwa fundi mwenyewe, na hakuona tatizo. Jiwe la inchi tisa lina tundu lile lile katikati. Linaingia. Lingezuiwa na gadi tu, na gadi yetu ilikuwa na kazi nyingine.

Ndiyo maana jiwe lile likaja kukaa mezani kwangu Jumapili hiyo baada ya chakula. Mume wangu alikuwa amelileta alitazame vizuri. Lilikuwa jeusi, zito, pana kuliko sahani zangu. Nililisogeza nitoe bakuli la mchicha, nikaona maandishi madogo pembeni. Mimi siwezi kuona tarakimu nikaiacha ipite. Iliandikwa kwamba jiwe lisizidi mizunguko elfu sita na mia sita kwa dakika, na ukingo wake usizidi kasi ya mita themanini kwa sekunde.

"Mashine yako inazunguka mara ngapi?" nikamuuliza.

"Inazunguka sana," akasema.

Nikaenda kuitazama. Kwenye ubavu wake, chini ya vumbi la zege, iliandikwa elfu kumi na moja.

Nilichukua karatasi. Kipenyo cha jiwe ni milimita mia mbili na thelathini. Zidisha kwa pai, unapata mzingo wa sentimita sabini na mbili na kidogo. Maana yake, jiwe likijizungusha mara moja, chembe iliyo ukingoni imesafiri sentimita hizo sabini na mbili. Zidisha kwa mizunguko elfu kumi na moja, hiyo ni karibu kilomita nane katika dakika moja. Gawa kwa sitini. Mita mia moja thelathini na mbili kwa kila sekunde.

Nikarudia. Mwalimu hurudia hesabu kwa sababu anajua watu wanaofundishwa na walimu kama yeye wakoje. Likatoka lile lile. Kwa jiwe dogo la kawaida, kwenye mashine ile ile, nilipata sitini na sita, salama kabisa. Lakini hili kubwa lingekimbia kilomita karibu mia tano kwa saa, mara nne ya ile treni mpya inayotupita hapa bila hata kutusalimu. Na nguvu inayolivuta jiwe lipasuke haiongezeki pole pole kama kasi, inaongezeka kwa kipeo cha pili. Jiwe lenyewe si chuma. Ni mchanga mkali ulioshikanishwa na gundi. Likiachana, vipande vinaondoka na mwendo ule ule, na anayekuwa mbele yake ni mtu aliyepiga magoti, ameinamisha uso, macho yamelindwa na kioo kimoja.

Niliogopa. Sikuogopa kama mwalimu, niliogopa kama mke. Niliuona uso wa mume wangu, alikuwa akichokonoa meno na kusikiliza redio.

Basi nikamweleza. Hapo nikagundua kwamba kitu nilichofundisha miaka kumi na tisa kwa Kiingereza sikuwa nakijua kwa lugha ninayoombea chumvi. Nilisema mzingo, akaniuliza mzingo ni nini. Nilichukua kifuniko cha sufuria na uzi. Nikamkumbusha gwaride la shule, safu ikigeuka, aliye ndani anakanyaga papo hapo na aliye nje anakimbia mpaka soksi zinashuka. Alicheka, kwa sababu yeye alikuwa wa nje.

"Lakini mama watoto," akasema, "hii mashine si ni ndogo? Mashine ndogo, nguvu ndogo. Ukiifunga jiwe kubwa itaona uzito, itaenda pole. Ni kama punda na mkokoteni."

"Ikigusa zege itapungua kidogo. Lakini kabla haijagusa, je? Inazunguka na hewa tu. Hewa ina uzito gani?"

"Wewe hujawahi kushika grainda."

"Na wewe hujawahi kushika pai."

Hilo sikupaswa kulisema. Alizima redio, na akizima redio mjadala umekwisha. Alichosema baadaye, akiwa amenigeuzia mgongo, ndicho kilichokuwa kweli. "Unataka niende niwaambie zawadi yao ni mbaya? Mimi? Watasema tulijua, tungempa kijana wa nyumbani."

Hesabu yangu ilikuwa na majibu ya mita na sekunde, haikuwa na jibu la hilo.

Jumanne jioni, jua bado likiwa juu ya milima, nilikwenda mbele ya kamati. Walinipokea kwa heshima, wakaniweka kwenye mengineyo, baada ya mjadala wa saa nzima kuhusu rangi ya mapazia. Palipo na wazee haliharibiki neno, nilijiambia, na nikachora duara nyuma ya karatasi ya nyimbo. Nilieleza vizuri. Sijawahi kufundisha somo zuri namna ile. Nilipomaliza, mama kiongozi wa akina mama akasema, "Mwalimu ana kipaji." Wakanipigia makofi ya kilo, yale ya pamoja, matatu matatu.

Kisha mwenyekiti akasafisha koo.

"Mwalimu, tunashukuru kwa hiyo ripoti. Sasa hii mia thelathini na mbili, hiyo ndio mwisho?"

"Mwisho vipi, mzee?"

"Haiwezi kushuka?"

"Si bei, mzee. Ni kasi."

"Naelewa, naelewa." Aliinua mkono kama mtu anayetuliza wakwe. "Lakini jiwe linasema themanini. Wewe unasema mia thelathini na mbili. Hapa hakuna mtu wa kuaibishwa. Sisi ni watu wa Mungu. Tukutane katikati."

Na nawaambia ukweli, alichukua kalamu akajumlisha, akagawa kwa mbili, bila kosa hata moja. "Mia na sita," akasema.

Wote waliguna kwa kuridhika. Ndivyo tunavyopanga mahari, ndivyo tunavyomaliza kesi za mipaka ya mashamba, na haijawahi kutuangusha. Mchungaji alisema heri nusu shari kuliko shari kamili. Nikawaambia kwamba mashine ile ina swichi yenye hali mbili tu, imewaka au imezimika. Mama kiongozi akashauri fundi aibonyeze pole pole. Nikawaambia kuna fundi Mwatate ana grainda kubwa ya inchi tisa, ambayo huzunguka taratibu, na jiwe hilo hilo la zawadi lingefanya kazi humo bila shida. Mwenyekiti akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Tukienda kuazima mashine, itaonekana ni kama tumemwambia kijana wetu alileta zawadi nusu."

Kumbukumbu za mkutano niliziona. Ziliandikwa kwa mwandiko mzuri wa karani wa mkonge: ilikubalika kwa kauli moja kwamba fundi atatumia jiwe kwa kasi ya wastani, na Mwalimu alishukuriwa kwa mchango wake. Nilirudi nyumbani na hasira ya kutosha kusaga sakafu nzima kwa meno. Nilimsimulia mume wangu nikitegemea atacheka. Hakucheka. Alisema, "Basi kamati imekubali," na akaanza kusafisha grainda yake kwa mswaki wa zamani.

Siku tatu sikulala vizuri. Niliifanya hesabu ile tena na tena, kwenye ubao wa darasa baada ya wanafunzi kuondoka, kwenye risiti, kwenye kiganja. Nilijaribu pai ya ishirini na mbili juu ya saba, nikajaribu ya tarakimu nyingi, kama mtu anayebadilisha daktari. Hakuna pai iliyonihurumia.

Jumamosi asubuhi ukumbi ulijaa. Kamati yote ilikuwepo, kwaya ilikuwepo, na kijana wetu wa Mombasa alikuwepo na viatu ambavyo havikuwa vimewahi kukutana na zege. Mume wangu alikuwa amepiga magoti mbele ya jukwaa, na jiwe la inchi tisa limekwisha fungwa kwenye ile mashine ndogo. Lilionekana kama kofia ya baba kichwani mwa mtoto. Watu walisogea karibu, maana kila mtu alitaka kuonekana kwenye video. Mchungaji aliombea mashine, akaombea umeme usikatike, akamwombea mfadhili kwa kirefu, na fundi akaombewa kwa kifupi.

Nilisimama. Sikuwa nimealikwa kusema, lakini mwalimu hana breki. Niliwaambia kwamba kama wameamua, basi angalau wajue pa kusimama. Jiwe likipasuka, vipande havirushwi ovyo ovyo. Vinatoka kwa kufuata ukingo wa jiwe, kwenye mstari mmoja, mbele, juu na nyuma. Nilikuwa na chaki kwenye mkoba, mimi huwa na chaki daima. Nilichora mstari huo sakafuni, kutoka magotini pa mume wangu mpaka ukutani. Ulipita katikati ya kamati ya ujenzi, ukampita mfadhili kwenye kiatu cha kushoto.

Kwa mara ya kwanza wiki hiyo, hesabu yangu ilieleweka na wote.

Mwenyekiti alisogea hatua moja, akijifanya anampisha mgeni. Mgeni alisogea mbili, akasema mwanga ulikuwa mzuri zaidi kutoka kule. Kwaya ikagawanyika kama Bahari ya Shamu. Kamati ndogo ya usalama ikakumbuka kwamba viti vilikuwa nje peke yake.

"Fundi, washa basi!" kijana wetu akaita kutoka karibu na mlango, simu juu.

Mume wangu akabonyeza swichi.

Mimi ninaijua sauti ya mashine ile. Nimeishi nayo, ni mlio wa nyuki wakali. Hii haikuwa sauti hiyo. Ilianza chini kama ng'ombe, ikapanda, ikapanda, nikasema moyoni sasa imefika, na bado ikapanda, mpaka ikawa kitu chembamba kinachoingia kwenye meno, na vioo vya madirisha mapya vikaanza kulia navyo. Mikono ya mume wangu ilitetemeka mpaka mabegani. Jiwe lilikuwa halijagusa chochote bado.

Sikumbuki nani alitoka wa kwanza. Nakumbuka mchungaji alinipita mlangoni, na alikuwa ameshika mkoba wa mama kiongozi. Nakumbuka mwenyekiti alikuwa na mbio ambazo karani hapaswi kuwa nazo. Mfadhili aliruka mtaro kwa viatu vile. Katika kufumba na kufumbua kamati iliyokubaliana kwa kauli moja ilikuwa nje nyuma ya ukuta, kwa kauli moja.

Kisha sauti ikakatika. Mume wangu alikuwa ameizima. Lakini jiwe zito halisimami kwa sababu limeambiwa lisimame, liliendelea kuvuma, likishuka taratibu, na muda wote huo hakuna aliyepumua. Liliponyamaza kabisa tulichungulia.

Mume wangu alikuwa peke yake katika ukumbi mzima, bado kwenye magoti. Alivua ile miwani. Akatazama mahali watu walipokuwa wamesimama, kisha akatazama mlango. Alitutazama mmoja mmoja, bila haraka, kama anayehesabu mifuko ya saruji. Alipofika kwangu akasimama.

Nilikuwa nje. Nilikuwa nyuma ya mwenyekiti, kwa kweli, nimemshika koti. Mimi niliyechora mstari, niliyejua kwa sentimita pale ambapo mtu angeweza kusimama ndani bila kuguswa na kipande chochote. Pembeni kwake, kushoto, palikuwa salama kabisa. Sikusimama pale. Miguu ilinichukua.

Mume wangu akatoa spana kwenye mfuko wa suruali, akalifungua jiwe, akalilaza juu ya jukwaa kwa utaratibu, uso chini, kama mtu anavyolaza sahani ya udongo. Akainuka, akapangusa magoti.

"Mzee mwenyekiti," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema na wazee wetu bila kutangulia kuomba radhi. "Jiwe hili ni zuri. Mashine yake ni nyingine. Ileteni nitafanya kazi."

Kijana wetu wa Mombasa, ambaye video yake ilikuwa imenasa fremu ya mlango na mgongo wa mchungaji, alisema haraka sana kwamba mashine si shida, mashine ataileta Jumatatu, alikuwa hata ameshapanga kuileta. Mwenyekiti akaandika. Mama kiongozi akauliza kama chai iletwe. Ndani ya dakika tano ilionekana kwamba kila mtu alikuwa amesema tangu mwanzo kwamba mashine kubwa inahitajika, na wawili kati yao walinieleza mimi sababu.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, kupitia kando ya reli. Yeye alibeba grainda, mimi nilibeba mkoba wa chaki, na jua lilikuwa linachoma. Nilitembea nyuma kidogo. Nilikuwa nimeshinda na sikuwa na pa kuuweka uso wangu.

"Ile hesabu yako," akasema bila kugeuka, "mimi sikuielewa. Hata sasa sijaielewa."

"Najua."

"Niliwahi kukaa bila kazi mwaka mzima, hukunikimbia. Nikaugua kifua kikuu, ndugu zangu wenyewe wakawa wananisalimia dirishani, wewe ukalala hapo hapo na mimi. Hujawahi kunikimbia." Alihamisha mashine mkono mwingine. "Leo nikaangalia mlango, nikakuona huko nje. Nikasema, basi hii kitu itaniua."

Nilianza kulia, barabarani, mchana kweupe, mwalimu ninayejulikana mji mzima. Nikamwomba msamaha. Nikamwambia nilipaswa kubaki, nilijua kabisa pa kusimama, palikuwa na nafasi kando yake.

"Msamaha wa nini?" akasema. "Ungebaki, ningesaga."